Nilifuta Mstari Mmoja, Dada Yangu wa Kazini Akaitwa Mwongo

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu miezi mitano mizima kichwani mwangu nilikuwa naanza na "unajua, ilikuwa hivi," na kila nikianza hivyo najikuta natafuta mtu wa kumbebesha. Leo hapana. Majina ya watu humu nimeyabadilisha kwa sababu wao hawajakosa kitu. Langu nimelificha kwa sababu naona aibu, na hilo nalo ujue.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba. Kwetu ni kusini, mjini hapa nimepanga chumba Manzese. Nilisomea ualimu wa Kiswahili, ajira hazikutoka, nikakaa nyumbani miaka miwili nikiuza ubuyu na barafu. Kazi niliyokuja kuipata mama yangu haielewi mpaka leo. Alikuwa anawaambia majirani natengeneza kompyuta, na niliacha kumbishia.

Wewe ngoja nikueleze vizuri, maana bila hapo hutaona ubaya wangu uko wapi.

Ofisi yetu ni ndogo, ghorofa ya pili, chini kuna duka la mabati na misumari, dirishani unaona mabasi ya mwendokasi yakipita. Tunatengeneza programu za zahanati na maduka ya dawa. Zamani zilikuwa zinaandikwa na vijana wanne. Siku hizi wamebaki wawili, na sehemu kubwa inaandikwa na akili mnemba. Tunawaita mawakala, ingawa hawatoi wala hawapokei pesa! Ni programu tu: unampa kazi, anaandika, anamaliza, anachukua nyingine. Hachoki na haombi ruhusa ya msiba.

Lakini wakala hajui kitu mpaka umwambie. Kazi zote za ofisi ziko kwenye ubao, ule unaoonekana kwenye televisheni kubwa ukutani. Kila kazi ina kadi yake, na kadi ina jina la binadamu mhusika. Nyekundu maana yake bado, njano inaendelea, kijani imekamilika. Kuna zana maalumu ambayo mawakala wanaitumia kubadilisha hizo kadi. Na mtu wa kuandika maelekezo ya hiyo zana, lini wakala aguse kadi, lini asiiguse, kijani maana yake nini, alikuwa mimi.

Waliniita Mwalimu kwa sababu hiyo. Nilichoandika ndicho mawakala wanachofuata, neno kwa neno. Hawana "nilidhani."

Aliyeniingiza pale ni Dada Anjela. Mtu wa Njombe, mrefu, mpole, ila kwenye kazi ana ubishi wa kuudhi. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu kabla haijaenda kwa mteja. Tulijuana Manzese, kwenye nyumba aliyokuwa amepanga jirani na kwangu, akaniona nasoma kila kitu mpaka karatasi za maandazi, akaniambia, "Mdogo wangu, ofisini kwetu wanatafuta mtu anayejua kueleza kitu kikaeleweka. Njoo nikupeleke." Alinipeleka kweli. Alinifundisha hata kuwasha ile kompyuta.

Anjela analea watoto wawili wa marehemu dada yake. Kila siku alikuwa anakuja na hotipoti moja kubwa, na ndani kuna sehemu yangu. Makande, viazi, ugali na maharage. Kila mwezi alikuwa ananiambia wamemuahidi mkataba wa kudumu, na akiupata atawahamisha wale watoto shule. Huyo ndiye niliyemfanyia haya.

Sasa sikiliza ujinga wetu wa pale.

Kampuni ina mzee mmoja anayekaa Kawe, ndiye mwenye mtaji. Anakuja kila Ijumaa saa nne asubuhi, anakunywa chai ya tangawizi, anasimama mbele ya ule ubao mikono nyuma. Akiona njano nyingi anaguna. Bosi wetu, Braza Deo, akisikia ule mguno siku yake imeharibika, na yetu inaharibika zaidi.

Basi tukazoea kufagia ubao. Ijumaa asubuhi kila mtu anachukua kadi zake za njano anazipeleka kijani. Mzee anakuja, anaona kijani tupu, anafurahi, anaondoka. Jumatatu kila mtu anarudisha za kwake kwenye njano kimyakimya na kuendelea na kazi. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba huo ndio utaratibu. Ukiajiriwa unauona tu, na wewe unafagia.

Asiyefagia alikuwa mmoja tu. Anjela. Kadi zake zinabaki njano mzee akiwa amesimama mbele yake. Braza Deo alishamsema mpaka akachoka. Anamjibu, "Braza, kama sijajaribu sijajaribu. Mie siwezi kuandika nimekula wakati sufuria bado liko jikoni." Tulikuwa tunacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Walipokuja mawakala, nao wakawa kama Anjela. Ijumaa inafika, kadi walizozishika ziko njano, hawana habari na mzee wala tangawizi yake. Alhamisi moja Braza Deo akanijia mezani.

"Mwalimu, hawa mawakala wako hawana adabu. Wanatuaibisha kila Ijumaa."

"Sasa braza, wao wanajuaje?"

"Ndo uwaeleze sasa! Waeleze sie hapa tunafanyaje kazi. Si ndo kazi yako hiyo?"

Akaondoka. Ilikuwa jioni, na mimi nilikuwa na kitchen party ya binamu yangu Temeke, sare yangu ya kitenge iko kwa fundi haijachukuliwa. Nikafungua maelekezo, nikaandika: "Kila Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi, kazi zote zilizo njano zipelekwe kijani."

Nikaishia hapo.

Utaniuliza, na ya Jumatatu je? Mbona hukuandika zirudishwe? Nikwambie ukweli ambao sijamwambia hata mama. Niliifikiria! Kidole kilikuwa juu ya kibodi. Nikaona nikiandika kwamba Jumatatu zirudishwe njano, nitakuwa nimeweka kwa maandishi, kwa mkono wangu, kwamba Ijumaa ofisi nzima inadanganya. Ya Ijumaa peke yake inaonekana kama utaratibu. Ukiweka na ya Jumatatu unaonekana uongo. Nikajiambia nitamuuliza Braza wiki ijayo. Nikafunga kompyuta, nikakimbilia kwa fundi.

Na tulikuwa na kawaida kwamba kila nikiongeza kitu, Anjela anasoma kwanza. Jioni ileile alipita na mkoba begani, anaaga. Alikuwa ameomba ruhusa mpaka Jumanne, kaka yake anajenga Chanika, walikuwa wanaweka renta ya zege juu ya kuta na yeye ndiye wa kuwapikia mafundi.

"Umeongeza kitu? Nipe nisome haraka kabla sijaondoka."

"Aah, ni mambo yaleyale dada. Nenda tu, utachelewa gari."

Angeisoma angeuliza ya Jumatatu. Nilijua angeuliza. Ndiyo maana sikumpa.

Ijumaa saa tatu na nusu mawakala wakafagia. Ubao ukawa kijani mpaka kwenye kona. Mzee hakuguna hata mara moja, na Braza Deo alinipa tano mbele za watu. Nilitembea siku hiyo kama nimeshinda bahati nasibu.

Lakini kati ya zile kadi ilikuwepo ya Anjela. Ilikuwa ni kujaribu ujumbe wa ukumbusho kwenye simu ndogo. Kuna zahanati moja huko pembezoni mwa mji, sitaitaja, ilitaka wagonjwa wake wa presha na sukari wawe wanatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha siku ya kliniki. Wazee wengi wana vitochi, na Anjela alitaka aone ule ujumbe unatokeaje kwenye kitochi kabla haujaenda. Wakala alikuwa ameshaandika programu. Kujaribu kulikuwa bado.

Kadi za kujaribu zilikuwa za Anjela tu, na kwa kuwa hafagii, Ijumaa za nyuma hakikutoka kitu. Lakini wakala mwingine kazi yake ni moja: akiona kadi ya kujaribu imekuwa kijani, anapeleka programu kwa mteja. Akaipeleka. Jumamosi zahanati ikaanza kutuma ujumbe. Kwenye simu kubwa ulisomeka wote. Kwenye kitochi ulikatika katikati, ukafika na salamu ndefu na jina la zahanati, ila siku ya kwenda haipo.

Jumatatu wenzangu walirudisha kadi zao kama kawaida, kila mmoja akidhani alifagia mwenyewe. Ya Anjela haikuwa na wa kuirudisha. Yeye hayupo, na siku zote yeye hana cha kurudisha.

Jumatano asubuhi Anjela karudi, mikono ina malengelenge, anatucheka jinsi tulivyozoea kukaa kwenye kiti. Hata hajafungua kompyuta, nesi mkuu wa ile zahanati akaingia. Mama mtu mzima, amevaa sare, amepanda ngazi zetu mpaka anahema. Hakukaa.

"Jumatatu benchi langu lilikuwa tupu," alisema. "Wazee hawakuja. Jana bibi mmoja kaletwa amebebwa na wajukuu, dawa zilimwishia Jumapili, anasubiri ujumbe umwambie siku. Ameanguka uani kwake! Mungu kasaidia, tumemtundikia dripu, kafumbua macho. Nani kati yenu alijaribu hiki kitu akasema kiko sawa?"

Tulimwamkia shikamoo, hakuitikia. Sikumlaumu.

Braza Deo akamtuliza, akamwambia tutapata jibu leo hiihii, akatuambia tukutane saa nane. Nikarudi kwenye kiti changu. Nikafungua ubao, nikaona kadi ya kijani, Ijumaa, jina Anjela. Ubao wetu hauonyeshi nani kaisogeza kadi, unaonyesha mhusika tu. Nilielewa palepale. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Saa saba ilikuwa ya kula. Anjela akafungua hotipoti, akanipakulia makande, akaona siyagusi.

"Kula, mdogo wangu. Usiwe na wasiwasi, tutaona ilipokosewa tutarekebisha. Bibi wa watu amefumbua macho, hilo ndo kubwa."

Nikamwambia nakuja, naenda kunawa. Sikwenda kunawa. Nilikwenda kwenye kompyuta yangu, nikafungua yale maelekezo, nikaufuta ule mstari. Faili lilikuwa mikononi mwangu peke yangu, na nakala za zamani zilikuwa kwangu. Nikahifadhi. Nikarudi, nikala makande ya Anjela.

Nilikula, ndugu yangu. Nikamaliza.

Saa nane tukakaa. Braza Deo akaiweka ile kadi kwenye televisheni.

"Anjela, kwa nini ulifunga hii?"

"Mie sijaifunga, braza."

"Ina jina lako."

"Jina ni langu, ila sijaifunga. Ijumaa mie niko Chanika napikia mafundi. Na unanijua, mie sifagiagi."

"Simu unayo. Ulitaka ukae likizo yako bila kusumbuliwa. Ukafagia, Jumatatu hukuwepo kurudisha. Sema tu ukweli, yaishe."

"Braza, sijafagia! Labda wakala."

"Wakala anafanya alichoelekezwa." Akanigeukia mimi. "Mwalimu. Kwenye maelekezo yako kuna sehemu inamwambia wakala afunge kazi ambayo haijaisha?"

Watu wote waliniangalia. Anjela naye aliniangalia, na usoni alikuwa na matumaini, kwa sababu aliyeulizwa ni mimi na si mtu mwingine.

Nikasema, "Hapana. Haipo."

"Fungua tuone."

Nikafungua. Ikasomwa kwenye ile televisheni yote kuanzia juu mpaka chini, na kweli haikuwepo. Braza Deo naye, sijui alisahau aliyoniambia Alhamisi au alichagua kusahau, hilo namwachia yeye. Mimi ninajua langu.

Unajua Anjela alisema nini? Alisema, "Basi kama Mwalimu anasema haipo, haipo. Ila mie sijafanya." Hakunihisi hata kidogo.

Kesho yake zahanati ikapigiwa simu ikaambiwa aliyehusika ameondolewa. Mkataba wa kudumu ukawa umeishia hapo. Alifungasha kikombe chake na ile hotipoti, akanikumbatia mlangoni, akaniambia nisiache kazi kwa hasira kwa ajili yake. Kwa hasira! Mimi!

Wiki ya pili nikapewa kiti chake. Kazi ya kujaribu programu wakanipa mimi, eti ni mwangalifu. Kulikuwa na mto wake mdogo wa kukalia, sikuweza kuukalia wala kuutupa, nikauweka chini ya meza nikawa naugusa na mguu siku nzima.

Kodi ilimshinda, akahamia Chanika kwa kaka yake, kwenye ile nyumba yenye renta bila bati, wanaishi chumba kimoja walichoezeka. Alikuwa ananitumia ujumbe, nilikuwa namjibu kwa vikatuni vya kucheka. Sauti yake sikuweza kuisikia. Akipiga nasema niko kwenye kikao. Majuto ni mjukuu, wanasema, ila wangu alikuja mapema akahamia chumbani kabisa. Nilikonda mpaka mama alipokuja kunitembelea akaniuliza kama nina ujauzito.

Unadhani basi nilijirudi mwenyewe? Wala! Ningekuwa nimenyamaza mpaka leo. Kilichonivunja ni simu.

Ilikuwa Jumatano mchana, Braza Deo yuko kwenye kile kijichumba chake kilichogawanywa kwa ubao mwembamba, kila kitu kinasikika. Ofisi nyingine walikuwa wanamuulizia Anjela, ameomba kazi kwao. Nikamsikia anasema, "Kazi anaiweza, sikatai. Ila ana tatizo la ukweli. Anaweza kukwambia kitu kimekwisha kumbe hajakigusa."

Anjela! Aliyekataa kufagia miaka yote mzee akiguna!

Jumamosi nikaenda Chanika. Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, anapalilia mihogo na wale watoto. Aliponiona akatupa jembe, akaja mbio, akanikumbatia na matope yake. "Mwalimu! Mbona umekonda hivi? Ingia, ingia, nikutafutie maji." Nikamwambia siingii mpaka nimeongea. Nikasema pale pale kwenye tuta. Mstari niliouandika, jioni niliyomnyima asome, saa saba ya makande, "hapana, haipo." Vyote.

Kisha akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Rudia ile ya saa saba."

Nikairudia. Nilipiga magoti, nikamwambia dada nisamehe, kanga yangu imejaa udongo. Hakuninyanyua. Akawaambia watoto waingie ndani, akaenda akaliokota jembe akaliegemeza ukutani, akarudi.

"Wewe si ndo mwandishi?" akasema. "Andika. Andika kila kitu, weka jina lako na sahihi, na hizo nakala zako za zamani uzichapishe. Jumatatu tunampelekea Deo pamoja. Maneno ya mdomo mie nilishayasema, hayakusaidia."

Jumapili nikaandika barua, nikamtumia aisome kwanza. Hata hapo, jamani, hata hapo nilikuwa bado mwoga! Niliandika hivi: "Kutokana na mapungufu yaliyojitokeza katika maelekezo, kulitokea hali ya sintofahamu iliyopelekea mfanyakazi kuondolewa."

Akanipigia. "Huyu Sintofahamu ndo nani? Anakaa wapi? Mie simjui, sijawahi kumpakulia chakula. Andika upya."

Nikaandika upya. Niliandika kwamba mstari huo niliuandika mimi, nikaufuta mimi, nikasema uongo mimi, kwa sababu niliogopa kufukuzwa. Ilikuwa nusu ukurasa tu. Ndiyo kitu kifupi kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na kilinichukua siku nzima.

Jumatatu Braza Deo alisoma amesimama. Akaiangalia ile nakala ya zamani yenye ule mstari wa Ijumaa, masikio yakabadilika rangi. Akaanza kusema sasa mbona mnanifanyia hivi, mzee akisikia itakuwaje, hili jambo lilishapita. Anjela akamkata kwa adabu.

"Braza, sijaja kugombana. Kuna ofisi uliwaambia mie mwongo. Wapigie sasa hivi nikiwa hapa. Na zahanati uwapigie."

Akapiga. Nesi alisikiliza, akasema amepokea. Ile ofisi nyingine tuliisikia kwenye spika, mama mmoja mstaarabu, akasema anashukuru kwa kuelezwa ukweli, na anasikitika kwamba nafasi ilishachukuliwa Ijumaa.

Ijumaa! Nami kwa Anjela nilikwenda Jumamosi!

Braza Deo akamwambia Anjela arudi kwenye kiti chake, na mkataba wataongea. Anjela akasema, "Nashukuru braza, ila hapana. Mie hapa sikai tena." Mimi sikusubiri kufukuzwa. Nilikuwa nimeshaiweka barua yangu ya kuacha kazi chini ya ile ya kwanza. Braza Deo aliichukua bila kuisoma.

Tukashuka ngazi pamoja, yeye mbele. Chini kwenye duka la mabati akasimama. Nilidhani ataniambia yameisha. Nakiri, nilikuwa nalitegea hilo neno, kwamba nimesema ukweli, nimepoteza kazi, sasa tuko sawa.

Akaniambia, "Miezi mitano nilikuwa naichukia ile mashine, yule wakala, nikiamini ilijifungia kadi yenyewe. Nikiamka naichukia, nikipalilia naichukia, watoto wakilia njaa naitukana. Ilikuwa rahisi, mashine hainijui. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikiaga tu kwa watu. Sasa umeniletea mtu, Mwalimu. Na huyo mtu nampenda. Unataka nimfanyeje?"

Alivuka barabara akaenda zake. Hajanitukana, hajanizuia kwenye simu, nikimtumia salamu anazisoma. Hajibu. Siku hizi nimerudi kwenye ubuyu na barafu, na mama ameacha kuwaambia majirani habari za kompyuta.

Kwa hiyo wewe unayesoma hii ukiwa ofisini, shuleni, dukani, popote unapopewa kazi ya kuandika wengine wafuate: kama mnachofanya unaona aibu kukiandika chote, ujue hakifai kufanywa hata nusu. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo ukweli ungemponya Anjela. Nilipouleta baada ya miezi mitano ulimuumiza upya, na mimi nilitaka anishukuru.

Na kama sasa hivi umekaa kwenye kikao, mtu mwingine anaulizwa juu ya kosa lako, inuka. Inuka kabla hajaanza kujibu.